Ufunguo wa Choo

Kila siku akitoka shule, msichana mmoja wa darasa la sita alipitia kwenye kiwanda kidogo cha mama yake, ambako mafundi wanawake walishona sare za wanafunzi. Aliweka begi chini, akanywa maji, kisha akaketi karibu na mlango, ufunguo wa choo ukining'inia shingoni kwa kipande cha utepe. Kazi ya kuutunza ufunguo huo alipewa na mama yake.

"Mafundi wakienda chooni wanapiga soga humo mpaka kesho," mama alisema. "Sare zinatakiwa kabla ya muhula ujao. Anayetaka kwenda aombe ufunguo. Na wewe uwe mkali kidogo."

Hilo la ukali alilishika vizuri. Mafundi walimbandika jina la Bosi Mdogo. Walilisema kwa utani, yeye akalipokea kwa fahari. Fundi akija kuomba, alimtazama juu mpaka chini. "Tena? Tumbo lako limefungwa bomba?" Chumba kizima kilicheka. Aliyetaniwa naye alicheka, maana angefanya nini?

Fundi wa zamani kuliko wote aliitwa Mama Vifungo, kwa sababu hakuna kifungo kilichotoka pale bila kupita mikononi mwake. Ndiye aliyembeba msichana huyo alipokuwa mchanga, na kumshonea nguo za mwanasesere kwa mabaki ya vitambaa. Siku hizi chupa yake ya maji ilishinda imejaa. Chumba kilikuwa na joto kama la tanuri, madirisha yamefungwa ili vumbi lisichafue mashati meupe, lakini jirani yake akimuuliza mbona hanywi, alijibu tu, "Sina kiu."

Alasiri moja alikuja mlangoni ameshika kiuno, jasho linamtiririka.

"Mwanangu, nipe ufunguo, tafadhali."

"Si ulikwenda mchana? Kamalize kwanza hayo mashati."

Cherehani zilizokuwa karibu zikanyamaza. Msichana alingoja kicheko. Hakuna aliyecheka. Mama Vifungo alimtazama, akageuka, akarudi kuketi.

Haukupita muda akainama juu ya shati na kuanza kutetemeka. Aliposimama, sketi yake ilikuwa imelowa. Wenzake walimzunguka upesi. Mmoja akamfunga kitambaa kiunoni, mwingine akapaza sauti kumwita mama wa msichana, "Bosi! Njoo, mwili wake unawaka moto!" Mama Vifungo alificha uso begani mwa mwenzake. Msichana alisimama na ufunguo mkononi, akitamani ardhi ipasuke immeze.

Wakamkimbiza zahanati. Muuguzi alipomaliza kumpima, alitoka na kumkabili mama.

"Ana maambukizi ya njia ya mkojo, na yamepanda mpaka kwenye figo. Maji hanywi, mkojo anaubana. Kazini kwake hakuna choo?"

Mama alikohoa. "Kipo."

"Kipo, au kinatumika?"

Mama alimshika binti yake mkono. Wakaingia kwa mgonjwa.

"Dada," Mama Vifungo alimwambia mama kwa sauti ndogo, "niliacha kunywa maji ili nisiwe wa kuomba ufunguo kila mara. Mtu mzima mimi, nichekwe na mtoto niliyembeba mgongoni? Niliona haya."

Msichana alitazama viatu vyake. Mama alimwagiza awe mkali, ni kweli, lakini maneno yale ya kuchekesha aliyatunga mwenyewe.

"Nisamehe, Mama Vifungo," alisema, machozi yakimdondoka. "Nilikufanya uchekwe."

Mama Vifungo alimgeukia. "Umeniumiza, mwanangu. Lakini umesema mwenyewe bila kusukumwa. Nimekusikia."

Asubuhi iliyofuata mama aliwaomba radhi mafundi wote mbele ya binti yake. Matibabu akayalipia yeye. Mlango wa choo ukawekewa komeo la ndani badala ya ufunguo, madirisha yakapigwa wavu na kufunguliwa, mtungi wa maji ukaletwa, na saa ya kupumzika ikapangwa. Ajabu ni kwamba kazi haikuchelewa. Mashati ya kufumua na kushona upya ndiyo yaliyopungua.

Mama Vifungo aliporudi amepona, msichana alimwamkia, "Shikamoo," bila kuthubutu kuinua uso.

"Marahaba. Sogea basi, unanizibia mwanga."

Jioni, mama akitia mafuta cherehani, binti yake alimshikia taa.

"Kosa lilianza kwangu," mama alisema. "Mashine ikikwaruza kidogo tu, naishughulikia siku hiyohiyo. Watu niliwaacha mpaka mmoja akaugua. Afya ya mfanyakazi si hisani, mwanangu, kwamba unampa ukijisikia. Ni sehemu ya kazi, kama uzi na sindano. Na ukishamtia mtu aibu, hatakuambia tena kwamba anaumwa. Atanyamaza, nawe utadhani mambo ni shwari."