Saa za Kufungua Bomba

Kila asubuhi Chelewa alisimama kwenye foleni ya bomba la mtaa akiwa amevaa sare ya shule, ndoo mbili miguuni. Hilo halikuwa jina lake. Wanafunzi wenzake walimbandika tangu baraza la mji lilipoagiza bomba lifunguliwe saa moja asubuhi na kufungwa saa tatu. Mama yake aliondoka mapema kwenda kupiga pasi kwa dobi, na bibi yake alikuwa amevimba miguu. Nani mwingine angechota?

"Fungua mapema, we mwenye roho mbaya!" wanawake walimfokea mlinzi wa bomba.

"Mimi nimepewa ufunguo tu, sikupewa mamlaka ya kupanga saa," alijibu, bila hata kukasirika. Alikuwa amechoka kutukanwa, nao wamechoka kutukana. Kesho yake wote walianza upya.

Somo la kwanza shuleni lilikuwa hisabati. Siku moja mwalimu alimwita Chelewa pembeni. "Mwanangu, mtihani unakaribia. Ukiendelea kukosa somo hili, utarudia darasa."

Jioni alimweleza mama yake, machozi yakimlengalenga. Mama alinyoosha mgongo.

"Tumemgombeza mlinzi mpaka sauti zimetukauka," alisema. "Waliopanga saa hizo hatujawaambia neno. Wiki hii baraza lina kikao, na wananchi wanaruhusiwa. Nitaomba ruhusa kwa dobi, na wewe kwa mwalimu."

Jirani yao, mshonaji, alifuatana nao. Njiani alisema, "Shoga, ukweli mtupu hauwashtui hawa. Tuseme watoto wamelazwa kwa kipindupindu."

"Usitie chumvi, shoga."

"Aa! Mchuzi bila chumvi nani ataula?"

Walikaa kwenye benchi la ukumbi wa baraza hadi mchana, njaa ikiwauma. Suala la maji lilipofika, mshonaji aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "Waheshimiwa, watoto wetu wamelazwa kwa kipindupindu!"

Mwenyekiti, mama mwenye miwani, alimgeukia afisa wa afya.

"Hatuna mgonjwa wa kipindupindu hata mmoja," afisa alisema.

"Basi tusipotezeane muda. Suala linalofuata!"

Mshonaji alijikunyata. Mama akainuka polepole. "Mheshimiwa, kwa hilo tusamehe. Lakini tafadhali, msikilize binti yangu. Yeye ndiye mchotaji."

Mwenyekiti alishusha pumzi, akaitikia kwa kichwa. Chelewa alisimama.

"Hakuna aliyelazwa," alisema kwa sauti ndogo. "Bomba linafunguliwa saa moja. Shule inaanza saa moja na nusu. Wenzangu wanajua kujumlisha sehemu, mimi sijui, kwa sababu zilifundishwa nikiwa kwenye foleni. Kuna wengine kama mimi. Tunaomba lifunguliwe alfajiri, au jioni."

Mwenyekiti alimuuliza fundi wa maji kama inawezekana.

"Inawezekana," fundi alijibu. "Tulipanga hivyo tukidhani wanaochota ni watu wazima."

"Mbona hamkuja kusema mapema?" mwenyekiti aliuliza.

Mama aliinamisha kichwa. "Tulikuwa tunamfokea mlinzi."

Hata hivyo, uamuzi haukutolewa siku hiyo. Waliambiwa warudi kikao kijacho. Mama akaomba ruhusa tena, dobi akanuna. Lakini safari hii waliondoka na jibu: bomba litafunguliwa alfajiri na jioni.

"Yamekwisha!" mshonaji alishangilia walipofika nyumbani. "Na kipindupindu changu nusura kituharibie."

Mama alijibwaga kitini. "Msifikiri kila mara tutakubaliwa," alisema. "Ila mkiwa na shida, mtafuteni mwenye kuamua, si aliye karibu wa kumfokea. Mwambieni yaliyo kweli, maana uongo mmoja unazika ukweli wote. Akisema mrudi, rudini. Inachosha, najua. Pumzikeni, lakini msinyamaze."

Kabla mshonaji hajajibu, mama alikuwa ameshasinzia, viatu vikiwa miguuni. Chelewa alimvua taratibu asimwamshe, kisha akafungua kitabu cha hisabati kwenye ukurasa wa sehemu.