Mayai Yaliyokataa Kuiva

Yai la kumi na nne lilikuwa mkononi mwangu, nusu limeshamenywa, Kate alipopiga hodi. Yalikuwa mayai arobaini ya biriani ya watu wa Tononoka waliokuwa waje kuchukua masufuria yao alasiri, na Kate alikuwa amechelewa saa mbili nzima. Yeye ndiye hunisagia vitunguu saumu na tangawizi siku za oda. Maneno ya kumwambia nilikuwa nimeshayapanga.

"Usinigombeze, Mama Kulthumu," akasema kabla hajavua viatu. "Mzee Ngala amekufa alfajiri."

Mimi Mzee Ngala simjui. Nikampa pole, nikidhani ni jirani yake kule Kibarani, nikamsogezea bakuli la tangawizi. Hakulipokea. Alisimama mlangoni pa jikoni akisokota ncha ya leso yake.

"Aliniita kabla hajakata roho. Akaniambia, 'Yule mama wa macho nyumbani kwa tajiri yako, mwambie leo ni siku ya saba. Yai langu lirudi kabla sijazikwa. Na lisione moto.'"

"Yai gani, Kate?"

Ndipo akanieleza. Wiki iliyopita, nilipokuwa Kongowea sokoni, yeye na mama mkwe wangu walipanda tuktuk wakaenda kwa huyo mzee, ambaye alikuwa mganga. Mama mkwe wangu, Bi Mwanatumu, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, mwaka wa sita. Daktari alimwambia atapasuliwa asubuhi na jioni atarudi nyumbani. Bi Mwanatumu akasema hakuna mtu atakayemtia kisu jichoni akiwa hai. Basi mganga akampa yai bichi lililoandikwa alama kwa zafarani, akamwambia aliweke gizani siku saba, kisha alirudishe.

"Mimi nilibaki nje," Kate akasema. "Alitoka amelificha ndani ya buibui. Sijui aliliweka wapi."

Mimi nilijua. Asubuhi ile nilitoa trei za mayai kabatini, moja likawa na uchafu wa rangi ya manjano. Nikafikiri ni kinyesi cha kuku. Nikalisugua kwa sifongo na sabuni, nikalitia sufuriani na wenzake.

"Basi limeshaiva," nikasema. "Na mwenyewe ameshakufa. Saga tangawizi, wale watu wanakuja."

Nikachukua yai la kumi na tano, nikaligonga ukingoni mwa bakuli. Lilipasuka, ute ukanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Maji ya sufuria yalikuwa bado yanafuka mvuke. Ute ulikuwa baridi kama umetoka kwenye friji.

Nikagonga la kumi na sita. Bichi. La kumi na saba. Bichi.

Nikageuka kutazama yale niliyokwisha kuyamenya. Yalikuwa yamekaa kwenye sinia, meupe, magumu, mazuri. Moja likatikisika. Likalegea, likaanza kuwa na rangi ya maji, mpaka nikaona kiini ndani yake. Kisha likamwagika. Likafuata la pili.

Nilimwita binti yangu mkubwa, Ummukulthum. Yuko mwaka wa pili chuo kikuu, anasoma mambo ya kemia ya mwili, na alikuwa nyumbani kwa sababu wahadhiri wamegoma. Alikuja na simu mkononi, uso wa mtu aliyesumbuliwa.

"Hayakuiva, Mama. Ulizima gesi mapema."

"Miaka ishirini nachemsha mayai, Kulthumu."

Akachota ute kwa kijiko, akautia kwenye karai lenye mafuta ya moto. Ukageuka mweupe, ukaungua pembeni kama kawaida. Akaliepua karai. Tukautazama. Sikuhesabu hata kumi. Weupe ukafifia, ukawa maji, ukatembea ndani ya karai.

Akaacha mzaha. Akakamua ndimu kwenye kikombe, akatia ute mwingine. Ndimu nayo huivisha yai, akasema, bila moto. Pakatokea ukungu mweupe. Ukungu ukaondoka.

"Protini ni kama uzi mrefu uliokunjwa," akasema polepole, kama anajisemesha mwenyewe. "Kila mmoja una mkunjo wake, na mkunjo ule ndio unaoufanya uwe na kazi. Ukiutia moto unafumuka. Nyuzi zinanasana ovyo, ndipo yai linakuwa gumu. Hazirudi zenyewe, Mama. Uzi ukishanasana hivyo haujikunji tena."

"Hizi zinarudi."

"Kuna kitu kinazikunja upya."

Kate alikuwa ameshavaa viatu vyake. Nikamwambia akae.

Nikafunua sufuria ya nyama. Mbuzi yule alikuwa amechemka tangu saa moja ya asubuhi, na dakika chache nyuma niliionja nyama yake ikaachana na mfupa. Sasa ilikuwa nyekundu. Mchuzi ulikuwa na utando wa damu, na kipande kimoja cha paja kilikuwa kinachezacheza, kidogo tu, kama kwenye meza ya bucha.

Nikarudisha kifuniko.

"Mwanangu!" Bi Mwanatumu aliita kutoka chumbani kwake. "Hili pazia la kijani ni la lini?"

Pazia lile nililinunua miaka miwili iliyopita. Hakuwahi kuliona.

Tulimkuta amekaa kitandani, mikono mapajani, macho meusi yanang'aa kama ya mtoto. Ule weupe haukuwepo. Alinitazama kutoka utosini mpaka miguuni.

"Umezeeka," akasema. "Na nyumba chafu hii. Tazama vumbi juu ya kabati! Miaka sita mnaniambia mnapanguza."

Nilitaka kucheka. Nilitaka pia kulia, maana ni mimi niliyekuwa nikimshika mkono kwenda chooni miaka yote hiyo. Lakini Kulthumu alinishika bega, akanivuta hadi ukumbini.

"Mama, ndani ya jicho kuna kioo kimejaa protini. Mtoto wa jicho ni protini ile imeganda, kama ute wa yai. Haikuponywa. Imekunjwa upya." Alikuwa ananong'ona. "Kila kilichoganda humu ndani kinarudi kilipokuwa. Kovu nalo ni protini. Ni kamba tupu, zimesokotwa kushikilia nyama."

Nikaelewa kabla hajamaliza.

Mwaka jana mtoto wangu mdogo, Fairuz, alipasuliwa kidole tumbo. Kilikuwa kimeshapasuka ndani. Daktari alisema tungechelewa saa moja tungemzika. Alikaa hospitali siku kumi na nne, na kovu lake liko upande wa kulia, refu kama kidole changu cha kati.

Na Fairuz alikuwa anarudi kutoka chuo cha Kurani saa ile ile. Nilisikia viatu vyake kwenye ngazi. Vilikuwa vinapanda kimoja, vinasimama. Kimoja, vinasimama.

"Mama, tumbo linawasha," akasema mlangoni.

Nikamvua gauni. Kovu lilikuwa limevimba, jekundu, laini. Matundu ya nyuzi, ambayo yalikuwa yameshapotea, yalikuwa yamerudi, kumi na moja, na kila tundu lilikuwa na tone la maji. Katikati ya kovu palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Nikamlaza. Nikamkandamiza tumbo kwa leso. Kulthumu akataka tumkimbize hospitali.

"Watamshona," nikasema. "Kisha?"



Nililipeleka sinia la mayai yaliyobaki chumbani kwa Bi Mwanatumu. Yalikuwa ishirini na matatu, yote meupe, yote safi, alama ya zafarani nimeisugua mwenyewe. Nikaliweka magotini pake.

"Mama, lipi ni la Ngala?"

Hakujifanya hajui. Alitazama sinia kisha akatazama dirisha. Nje palikuwa na paka juu ya ukuta na nguo za jirani kwenye kamba. Aliangalia nguo zile kama watu wanavyoangalia bahari.

"Likirudi, nami narudi gizani," akasema.

"Ndiyo."

"Sijamwona hata mwanangu Badawi. Mngoje atoke kazini. Nimtazame mara moja."

Badawi, mume wangu, yuko bandarini Kilindini kwenye ofisi ya kutoa mizigo. Hurudi baada ya magharibi. Nilikwenda nikambeba Fairuz, nikamleta, nikafunua leso mbele yake.

Alikuwa hajamwona mtoto yule tangu ana miaka mitatu. Akamshika kidevu. Akamtazama uso muda mrefu, pua, nyusi, meno. Kisha akashusha macho akatazama tumbo. Ufa ulikuwa umefunguka upana wa kucha.

"Amechukua pua ya babake," akasema. Akapitisha mkono juu ya sinia bila kusita, akatoa yai moja. "Hili hapa. Maandishi yake yanawaka."

Mimi nililiona jeupe tu. Nilipolipokea lilikuwa zito kuliko yai, na ndani yake kitu kiligeuka upande wa pili.

Mimi na Kate tulipanda tuktuk. Sikumbuki njia. Nakumbuka moshi wa malori pale Makupa, na nakumbuka nilishika yai kwa mikono miwili na Kate anasoma dua zake za kanisani kwa sauti ya chini. Kulthumu alikuwa akinipigia simu kila dakika tano. Upana wa kidole. Analia. Amenyamaza, Mama. Amenyamaza.

Mzee Ngala alilazwa kwenye kitanda cha kamba ndani ya chumba kimoja cha mabati, amefunikwa shuka mpaka kifuani. Gari la kumpeleka Kaloleni kuzikwa lilikuwa linapakiwa viti. Mkewe, Sidi, mwanamke mwembamba, hakuniuliza mimi ni nani. Aliangalia mikono yangu.

"Mamako alilipokea kwa mkono gani?"

"Sikusikia."

"Alipopewa. Mkono gani? Linarudi kwa mkono ule ule. Kama ni wake wa kulia, kulia kwa mzee. Kama ni wake wa kushoto, kushoto kwa mzee."

Nilikuwa nimesimama kwa miguu tangu saa kumi ya alfajiri. Simu ilikuwa kwenye mkoba, na chaji ilikuwepo. Ningeweza kumpigia Bi Mwanatumu nikamuuliza. Neno moja tu.

"Kulia," nikasema.

"Una hakika?"

"Sisi hatupokei kitu kwa kushoto."

Alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akafunua shuka, akageuza mkono wa kulia wa marehemu, kiganja juu, akaniashiria. Nikaliweka yai pale.

Vidole vikafunga.

Sikusikia ganda kupasuka. Sidi akarudisha shuka. Tukatoka.

Simu ililia kabla hatujafika barabarani. Kulthumu alikuwa analia na kucheka. "Kovu limefunga, Mama! Limefunga mbele ya macho yangu. Ameamka, anataka maji."

Nilipofika nyumbani Bi Mwanatumu alikuwa amelala chali, macho yake meupe yanaangalia dari. Akaniambia yalizimika kama taa, na hajuti. Kisha akaniambia nisisahau lile vumbi juu ya kabati.

Fairuz alikuwa amekaa sakafuni anachora. Nikamfunua tumbo. Upande wa kulia ngozi ilikuwa laini, safi, kama hajawahi kuguswa na kisu. Hata alama haikubaki. Nikamshukuru Mungu. Nikamtupia paka nyama, nikamwaga mayai, nikawapigia watu wa Tononoka nikawaambia waende kwa mpishi mwingine. Walinitukana. Niliwaacha wamalize.

Badawi alirudi baada ya magharibi. Nilimweleza nusu. Akasema tumechoka, tule.

Nikatandika mkeka ukumbini. Wali, maharagwe ya nazi, kachumbari. Nikampakulia Badawi, nikampakulia Bi Mwanatumu na kumwekea mkono kwenye ukingo wa sahani yake, nikampakulia Kulthumu, nikampakulia Fairuz.

Fairuz akala kwa mkono wa kushoto.

"Mkono, mwanangu," Badawi akamwambia, bila kuinua kichwa.

Akabadilisha. Mkono wa kulia ukamwaga wali kifuani, mapajani, ukatafuta mdomo ukaukosa, kama mkono wa mtoto wa miezi minane. Akacheka. Akarudi kwenye wa kushoto, ukaenda sawasawa, mwepesi, kama umefanya kazi hiyo miaka tisa. Alipoinama kuokota punje gauni likapanda.

Kovu lilikuwa upande wa kushoto. La zamani, limekauka, jeupe, refu kama kidole changu cha kati. Nikakumbuka swali la Sidi, na jibu nililolitoa bila kupiga simu.

Kulthumu naye aliliona. Aliweka tonge chini, hakulishika tena. Bi Mwanatumu alikuwa ameacha kutafuna, ameelekeza sikio upande wa mtoto.

"Nani huyu anakula hapa kando yangu?" akauliza taratibu.

"Ni mimi, Bibi," Fairuz akasema.

Badawi, Bi Mwanatumu, Kulthumu, Fairuz, na mimi. Nilihesabu, kisha nikahesabu tena. Watano. Tulikuwa wote.

"Mama, bado nina njaa," akasema, akinyoosha sahani. Ilikuwa ya tatu.

Nikampakulia.