Namba za Wannes

Bakuli la supu lilimponyoka Wannes katikati ya msongamano wa kantini ya hospitali, mjini Ghent, likamwagikia koti la manjano la Goedele.

"Samahani, dada. Mikono hii haina adabu."

"Na mwenye mikono?"

"Anayo kidogo."

Goedele akacheka, kisha akaona haya.

Kumbe wote wawili walikuwa wa jaribio moja la dawa pale hospitalini. Wannes, mwoka mikate aliyeachishwa kazi na maumivu ya viungo, ndiye mgonjwa pekee. Goedele ndiye mwanatakwimu. Kura iliamua siku gani ameze dawa halisi na siku gani kidonge kitupu, wala hakuna kati yao aliyejua ipi ni ipi. Kila jioni Wannes alimpigia simu kumtajia maumivu yake, sifuri hadi kumi. Namba zikazaa mazungumzo, mazungumzo yakazaa mahaba.

"Leo mbili, mpenzi."

"Mbili tu? Unanidanganya."

"Endelea kuongea, itashuka."

Miezi mitatu ilipokwisha na kura kufunguliwa, Goedele aliulinganisha mpangilio wa kweli wa siku za dawa na kila mpangilio mwingine ambao kura ingeweza kuutoa. Kwa namba za Wannes, haukujitofautisha hata chembe. Siku za dawa na siku za kidonge kitupu zilifanana, zote namba ndogo. Kwa matokeo hayo daktari angeisimamisha dawa.

Alimkuta Wannes kituo cha tramu, ile treni ya barabarani, sweta lake limefungwa vifungo kombo.

"Dawa haifanyi kazi, Wannes."

"Inafanya. Kuna siku nakanda unga, na kuna siku hata kifungo kinanishinda."

"Mbona namba hazisemi hivyo?"

Akainama. "Siku za nane nilikuambia mbili. Ulikuwa ukisikia nane, unalia. Nilikusikia."

"Ukanibembeleza kwa uongo."

"Nilikubembeleza kwa sababu nakupenda."

"Nami nikaupokea, maana niliutaka. Namba hazirekebishwi baada ya kura kufunguliwa. Nilishuku mapema, ndiyo maana nimemwomba daktari tuanze upya, amekubali mara hii tu. Mtu mwingine atapokea simu zako. Mimi na wewe hatutaonana wala kuongea mpaka jaribio liishe."

"Umeomba wewe?"

"Mimi."

"Miezi mitatu? Afadhali maumivu."

"Hayo maneno ndiyo yaliyotuponza, mpenzi."

Tramu ikafika. Goedele alitaka kumshika mkono, akakumbuka unavyouma, akamshika kiwiko.

Jioni ile, saa ya kupigiwa ilipofika, Goedele aliikalia mikono yake asije akaigusa simu. Haikulia. Akamshukuru Wannes kimoyomoyo, kisha akalia peke yake, bila wa kumsikia.