Jino la Kizibuo

Kila asubuhi Kizibuo alikunywa chai yake, akapiga mswaki, akaenda shule. Jina hilo alipewa na wenzake wa darasa la sita, kwa kuwa alifungua chupa za soda kwa meno huku wakimpigia makofi. Nyumbani hawakujua lilikotoka. Lakini wiki moja hata chai ilimshinda. Jino la nyuma, ambalo mzizi wake ulizibwa mwaka juzi, lilianza kumuuma upya.

“Mpira tulioutia kwenye mzizi inabidi utoke wote, nisafishe, nizibe tena,” alisema daktari wa meno, akimwonyesha mama yake Kizibuo picha ya eksirei. “Ikishindikana, tutaling’oa.”

Kizibuo alishika shavu. Jino la ukubwani likitoka halioti tena!

Daktari akamwonyesha mashine mbili ndogo za kutolea mpira huo. Moja ilizungusha tupa nyembamba upande mmoja bila kusita. Nyingine iliipeleka mbele, ikairudisha nyuma kidogo, mbele, nyuma, kama mtu anayehangaika na kufuli lenye kutu.

“Ipi kali, daktari?” aliuliza Kizibuo.

“Mimi nilikuwa shabiki wa hii ya mbele na nyuma. Niliisifia mpaka wenzangu wakachoka! Basi nikachukua meno arobaini yaliyong’olewa, nikayaziba mizizi kwa mpira, nikazigawia mashine nusu kwa nusu, kisha nikayapasua nione mpira uliobaki.”

“Ikashinda?”

“Wapi! Zote mbili ziliacha mabaki. Iliniuma, lakini niliandika nilichokiona, nikawasomea wenzangu wale wale. Siku hizi mashine ikimaliza, namalizia kwa mkono.”

Kizibuo alimkodolea macho. Mtu mzima, tena daktari, anasema alikosea wala haoni haya! Alimpenda papo hapo.

“Haya, niambie. Umewahi kuuma kitu kigumu kwa jino hili?”

“Hapana” ilikuwa tayari mdomoni, maana mama alikuwa amekaa pale pale. Ikamkwama.

“Nafungulia soda. Ndiyo maana wananiita Kizibuo.”

“Ewe mtoto!” mama akashika kiuno. “Na mimi nikidhani ni kwa sababu ya maneno mengi!”

Daktari hakucheka. Alivuta taa, akavaa miwani ya kukuza, akachungulia kwa muda mrefu. Kumbe jino lilikuwa na ufa mwembamba, bado haujafika kwenye mzizi.

Alimchoma sindano ya ganzi, akatumia mashine, kisha akaketi karibu saa nzima akikwangua kwa mkono, kidogo kidogo, jasho likimtoka, mpaka picha ikaonyesha mzizi mtupu. Akauziba. Wiki iliyofuata alilivika jino kofia ngumu ya kuubana ufa.

“Asante kwa kuliokoa, daktari,” alisema Kizibuo.

“Tumeliokoa wawili. Bila wewe ufa ule ningeupita, uchafu ungepenya tena, na safari ijayo ningeling’oa. Ukinificha ukweli, mwanangu, unanifanyisha kazi nikiwa nimefumba macho, na kinywa ni chako.”