Kikapu cha Mishale

Mwaka 1988, Mariam Poni alikuwa na kazi mbili pale Lobule, huko Koboko, karibu na mipaka ya Zaire na Sudan. Kazi ya kwanza ilikuwa kulima. Kazi ya pili ilikuwa kuchemsha chai ya kamati.

Kila asubuhi alifika shambani kabla mumewe, Sulaimani, hajavaa viatu. Alipalilia simsim, yaani ufuta, akachimba muhogo, akaenda kuteka maji. Jumamosi kamati ya kijiji, ile iliyoitwa RC, ilikutana kwa Mzee Draku, mwenyekiti. Watu wenyewe walimchagua Poni awe Katibu wa Wanawake. Basi wanaume walikaa kwenye viti wakiongea, na Katibu alikaa jikoni akipuliza moto. Hakuna aliyemwambia kwamba katibu ana kazi nyingine. Naye hakuuliza.

Familia hii ilikuwa imerudi kutoka Zaire mwaka mmoja tu uliopita. Vita vilipofika Koboko mwaka 1980, kila mtu alikimbia. Sulaimani, askari wa zamani, alivuka mpaka na mama yake, Hawah, pamoja na Poni. Jale, kaka yake Poni, alikimbilia Sudan na mama yao, Asiku. Mashamba yalilala miaka mingi. Nyasi zilimpita mtu kimo.

Jale alirudi wa kwanza, katika kijiji cha jirani, ng'ambo ya kijito kilichopita kati ya mashamba yao. Alifyeka, akalima, akavuka kijito na kuendelea kulima. Sulaimani aliporudi, alikuta muhogo wa shemeji yake umesimama upande wake.

"Mpaka iko kwa kijito!" alisema Sulaimani.

"Mpaka iko huko juu, kwa kichuguu!" alisema Jale.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa huu haukuzibwa. Mwezi wa saba muhogo uling'olewa. Mwezi wa nane mbuzi wa Jale alikutwa amekufa, na mshale ubavuni. Ukoo wa Sulaimani ulisema, "Hatujui." Ukoo wa Jale ulisema, "Sisi tunajua." Siku ya kupigana ikawekwa. Ilikuwa Alhamisi, asubuhi.

Jumanne Hawah alimletea Poni kikapu kitupu.

"Binti yangu, shika. Alhamisi wewe nasimama nyuma ya bwana yako."

Poni aliijua kazi hiyo. Wanaume wa hapa wakipigana kwa mishale, wanawake husimama nyuma yao. Huwapa maji. Huokota mishale iliyorushwa na adui, huwapa waume zao, nao huirusha tena. Mwanamume huenda vitani na mishale kumi tu. Wanawake ndio wanaoifanya kumi kuwa mia.

Mishale ya Jale ilikuwa na alama ya pete mbili nyeusi, zilizochomwa kwa moto. Baba yao ndiye aliyemfundisha Jale kuzichoma, na siku hiyo Poni ndiye aliyepuliza makaa. Sasa ataokota mshale wenye pete mbili, ampe mumewe, na mumewe ampige nao kaka yake. Au Jale atampiga mumewe kwanza. Kwa vyovyote, msiba ni wake. Poni aliweka kikapu chini, akalia mbele ya mama mkwe wake bila kuona haya.

Hapo ndipo Filda alipowakuta. Filda alikuwa mfanyakazi wa maendeleo ya jamii, wa kabila la Lugbara, kutoka Dadamu. Baiskeli yake ilipiga kelele kuliko kengele yake. Siku hiyo alikuja kufundisha kuchemsha maji ya kunywa. Alipoona machozi, aliliacha somo lake.

Poni alimweleza yote.

"Katibu wa Wanawake wa hapa iko nani?" aliuliza Filda.

"Ni mimi, dada."

"Wewe naambia kamati nini?"

"Mimi napika chai tu."

Filda alikunja uso. Alikuwa mpole, lakini si kwa mambo ya namna hii.

"Poni, sikia. Kamati iko na watu tisa. Wewe ni mmoja ya hao tisa. Sauti yako na sauti ya Draku ni sawasawa. Watu walikupa kiti. Hawakukupa birika."

"Lakini vita ni maneno ya wanaume."

"Nani alibeba watoto mpaka Zaire?"

"Sisi."

"Nani alikuwa narudi huku kuchimba muhogo, na askari iko kila njia?"

"Sisi. Mwanaume akionekana, wanapiga risasi."

"Na Alhamisi, nani ataokota mishale?"

Poni alikitazama kikapu.

"Basi vita iko ndani ya kikapu yako," alisema Filda. "Hata amani iko humo humo."

Kisha alimgeukia Hawah. "Mama, kabla ya kukimbia, nani alikuwa analima ile shamba?"

"Mimi. Mimi na Asiku, mama ya huyu Poni. Yeye upande ule, mimi upande huu."

"Basi wewe najua mpaka?"

"Najua sana. Iko jiwe ya kusaga, kubwa. Shimo moja nasaga mimi, shimo ingine nasaga Asiku. Katikati ya mashimo ndiyo mpaka. Sasa nyasi imefunika."

Poni alifuta machozi. "Mama! Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Jamani! Koo mbili zilinoa mishale mwezi mzima, na jibu lilikuwa limekaa jikoni likitafuna karanga. Wanaume wa Lobule msinichukie, lakini hapo mlinikasirisha.

Filda aliwaonyesha njia ya kufuata. "Kwanza, Poni, peleka neno hili kwa kamati. Mimi nakwenda ofisi ya gombolola kwa chifu, alete polisi. Na wanawake wa pande zote mbili waongee. Lakini mutu asiingie katikati mishale ikiruka. Tunataka amani, hatutaki kaburi."

Jumatano kamati ilikaa. Poni aliingia mikono mitupu.

"Chai iko wapi?" aliuliza Draku.

"Leo nimeleta maneno, Mzee."

Alisema habari za jiwe. Wanaume walicheka. "Mwanamke na mpaka, wapi na wapi?" alisema Draku. Sulaimani, aliyekuja kusikiliza, hakucheka. Hakumtetea mkewe pia. Alitazama chini.

Poni alitoka akiwa na hasira, akaenda moja kwa moja kijitoni. Wanawake wa ng'ambo walikuwa wakiteka maji, na mama yake alikuwa miongoni mwao. Hakuwa amezungumza naye tangu mbuzi apigwe mshale. Walishikana mikono kwa muda mrefu. Kisha Poni aliwaeleza wote mpango wake, na Asiku alikuwa wa kwanza kusema ndiyo. Jioni akawaeleza na wanawake wa upande wake.

Alhamisi jua lilipochomoza, wanaume walipangana, hawa huku na wale kule. Mishale iliruka. Mmoja ulimchuna Sulaimani bega, ukaanguka nyuma yake. Poni aliuokota. Ulikuwa na pete mbili nyeusi. Aliutia kikapuni na kusubiri.

Upande wa pili wanawake walifanya vilevile. Waliokota, wakatia kikapuni.

Muda si muda mishale iliisha. Wanaume wakanyoosha mikono nyuma kama walivyozoea. Hawakupewa kitu.

"Mama Taban!" Sulaimani alipiga kelele, akimwita mkewe kwa jina la mtoto wao. "Leta mishale!"

"Iko hapa, Baba Taban. Lakini leo hairudi."

Ng'ambo, sauti ya Asiku ilisikika kila mahali. "Jale! Mimi nilizaa wewe na nilizaa Poni. Nikupe mshale upige bwana ya mtoto yangu?"

Jale aliinamisha kichwa. Upinde bila mshale ni fimbo tu.

Hapo wale mama wawili, Hawah na Asiku, walitoka na majembe yao, kila mmoja kutoka upande wake. Walikutana katikati ya kijito na kichuguu. Wakafyeka. Jembe la Hawah liligonga jiwe, ko! Wakafagia udongo kwa viganja. Jiwe lilitokea, pana, lenye mashimo mawili laini.

"Hii yangu," alisema Hawah, akitia mkono ndani.

"Na hii yangu," alisema Asiku. Wakaanza kucheka, wakicheka na kulia.

Filda alipofika na chifu na polisi, hawakukuta vita. Walikuta wanaume wamekaa chini na pinde tupu, wakisubiri wanawake wamalize kuongea.

Siku hiyo hiyo kamati za vijiji viwili zilikaa kando ya jiwe. Poni alikaa kwenye kiti. Katani ilipandwa kufuata mpaka, na Sulaimani akatoa mbuzi badala ya yule aliyeuawa. Maneno yaliandikwa. Draku alimsogezea Poni wino. "Weka dole gumba."

"Hapana, Mzee. Kalamu."

Akaandika taratibu: Mariam Poni. Sulaimani alitazama herufi hizo, akasema mbele ya wote, "Jana nilipaswa kukutetea. Nilikosea."

Uchaguzi uliofuata, watu walimpa Poni cheo kingine. Wakamfanya Katibu wa Usalama. Chai ya kamati sasa hupikwa kwa zamu. Chai ya Draku haina ladha, lakini tunainywa.

Ile mishale Poni aliitundika darini, yote. Siku moja Jale alikuja mlangoni.

"Dada, kanga wanamaliza simsim yangu. Nipe mishale yangu."

Poni alimpa mmoja wenye pete mbili.

"Moja tu?"

"Anza na kanga moja. Ukirudisha hii, utapata ingine."

Jale alicheka, akaenda. Jioni alirudi na kanga mkononi na mshale kwapani, akamkabidhi Katibu wa Usalama vyote viwili.