Kucha za Tui

Mwatum alikuwa msukaji wa mikeka katika mtaa wa Mlandege, Unguja. Mumewe, Machano, aliuza mchele katika duka lililokuwa chini ya nyumba yao. Paka wao mweupe, Tui, aliyekuwa na mtoto mmoja, aliwafukuza panya kwenye magunia. Mchana alilala ukumbini, Mwatum alipokuwa akisuka.

Mwezi ule Mwatum alisuka mkeka wa harusi ya binti yao, Kidawa. Siku moja alikwenda bombani kuteka maji. Aliporudi alimkuta Tui juu ya mkeka, ameshafumua ukingo mzima. Mwatum alimfukuza kwa ufagio. Machano alikasirika zaidi.

"Basi, Mama Kidawa. Mjaka, yule seremala, anang'oa kucha za paka kwa koleo. Nshamwambia aje kesho."

"Mwambie asije."

"Mkeka wa mwanetu unaharibika, nawe unamtetea paka?"

"Mkeka nnausuka mimi, na ntausuka upya. Kucha hazing'olewi nyumba hii, na mimi nimo."

Machano hakuzoea kujibiwa hivyo. Alishuka dukani bila ya kunywa chai.

Asubuhi Mwatum alimwita dukani jirani yao, Borafya, aliyefanya kazi kwa daktari wa mifugo. Borafya alimpakata Tui, akaubonyeza wayo wake taratibu. Kucha zikatokeza.

"Bwana Machano, gusa hapa. Ukucha wa paka umeota kwenye mfupa wa mwisho wa kidole. Ukitaka usiote tena, lazima uukate na mfupa. Ni sawa na wewe kukatwa ncha za vidole vyako vyote."

"Si atapona?"

"Kidonda huenda kikapona, lakini miguu inaweza kumuuma maisha yake yote. Mbwa akimfukuza, ataparamiaje ukuta? Panya atamkamata kwa kitu gani? Tena paka asiye na kucha huzidi kuuma."

Machano aliyatazama magunia yake. Kisha akauliza, "Na mkeka je?"

Borafya alimgeukia Mwatum. "Alipokuwa mdogo, alichezea nini?"

Mwatum aliona haya. "Vipande vya ukindu nnaosukia mikeka. Nikimtikisia, anarukia, nami nacheka."

"Basi umemfunza mwenyewe kuwa ukindu ni mchezo. Usimtikisie tena. Kunoa kucha hawezi kuacha, ndivyo alivyoumbwa. Mtafutieni pa kunolea."

Akawaeleza la kufanya. Wachukue gogo, walizungushie kamba ya usumba wa nazi, walisimamishe pale anapolala. Walipake dagaa kidogo, ili alipende. Mkeka ukunjwe kila kazi inapokwisha. Na kucha zikiwa ndefu, ipunguzwe ncha nyeupe tu. Palipo pekundu pana damu, pasiguswe.

Machano alilizungushia gogo kamba yeye mwenyewe. Alikuwa hajamaliza Mjaka alipofika na koleo lake. Mwatum alitoka akasimama mlangoni.

"Nimeitwa na mwenye nyumba," alisema Mjaka.

"Mwenye nyumba ni mimi pia. Huingii."

Mjaka alimwita Machano kwa sauti. Machano akatoka, mikono imejaa vumbi la usumba, akasimama ubavuni kwa mkewe.

"Koleo lako kang'olee misumari," alisema. "Paka wetu muache."

Tui alilizoea gogo polepole. Mkeka ulikwisha, ukatandikwa siku ya harusi, na wageni wakausifu. Dukani panya hawakuonekana.

Siku hiyo ya harusi Machano na mashahidi wawili walikwenda chumbani kumwuliza Kidawa idhini, kabla nikahi haijafungwa.

"Unaniidhinisha nikuoze?" aliuliza Machano.

"Naam, baba. Lakini nna sharti."

Mashahidi walitazamana. Shahidi mmoja alisema bibi harusi hujibu kwa kifupi.

"Mimi ntasema," alijibu Kidawa. "Nnakwenda na mtoto wa Tui, naye awekewe gogo lake la kunolea kucha. Nyumba nnayokwenda, hakuna atakayezigusa kucha zake kwa koleo. Bwana harusi akikataa, na anambie sasa hivi, kabla sijatoka kwetu."

Machano alimtazama mwanawe, kisha akawageukia mashahidi.

"Kampelekeeni neno lake," alisema. "Tutangoja jawabu."

Jawabu lilirudi upesi. Bwana harusi amekubali, na anauliza gogo liwe refu kiasi gani.