Mnywesha na Mti wa Mwaloni

Mnywesha, mashine ya kunyweshea, alishuka ukutani asubuhi kwa miguu yake sita yenye nyayo za mpira, akafika shinani mwa mti na kuzamisha sindano-unyevu zake ardhini. Alitulia kidogo akiipima ardhi. Kisha tumbo lake likanguruma, na maji yaliyovutwa kutoka ziwani yakaanza kumwagika taratibu kuuzunguka mti.

Mwanza ya enzi hizo ilikuwa imepanda juu ya mawe yake. Majengo yalikaa juu ya miamba, vyombo visivyo na rubani vilishusha samaki mwaloni kando ya ziwa na kuwasambaza kwenye madirisha ya jikoni, na kitu kilichokuwa adimu kuliko vyote kilikuwa udongo. Ndiyo maana mti mmoja nyuma ya jengo uliweza kumkosesha usingizi mtu mzima mwenye shahada tatu.

Mtu huyo alikuwa Mhandisi Milembe, aliyemuunda Mnywesha kwa mikono yake. Mti ulikuwa wa marehemu mumewe, Luhende. Aliileta mbegu yake kutoka nchi ya baridi, akaipanda wiki ya harusi yao, na kwa miaka yote aliyoishi aliutunza mwenyewe kwa ndoo. Luhende alipokufa, Milembe hakujua lolote kuhusu miti, lakini mashine alizijua. Alisimama sebuleni, penye vinasa sauti vilivyokuwa masikio ya Mnywesha, akamwambia, "Huu ni mti wa mwaloni. Utunze usife."

Sasa mti ulikuwa unakufa. Majani yalilegea, yakawa manjano, yakaanza kudondoka. Kila Milembe alipouliza, Mnywesha alijibu kwa sauti ile ile tulivu: "Majani yamelegea. Mti una kiu. Nimeongeza maji." Maji yakaongezwa, na majani yakazidi kudondoka.

Siku moja Milembe alimwita mwenyekiti wa wakazi, Bwana Shigela, aje aone. Shigela alikuwa mtu wa suti safi na maneno mengi, asiyepitwa na habari. Wakiwa wamesimama sebuleni, Milembe aliuliza, "Mnywesha, nini kinauua mti huu?"

"Sioni ugonjwa wala wadudu," mashine ikajibu. "Hali ya ardhi hii haikuletwa na mvua wala jua. Ni mkono wa mtu."

Shigela alimtazama Milembe, Milembe akatazama chini. Usukumani hakuna anayehitaji kufafanuliwa maneno hayo. Mtu akifa ghafla, ng'ombe akikosa maziwa, biashara ikidorora, yupo atakayenong'ona kwamba ni mkono wa mtu, na jirani zake wataanza kuhesabu adui.

"Mashine haina chuki na mtu, mhandisi," Shigela alisema polepole. "Ikisema, imesema."

Milembe hakutaka kuamini. Lakini shaka ni kama dagaa mbichi, ukimwingiza ndani nyumba nzima itanuka. Alifungua picha zilizohifadhiwa na jicho la Mnywesha, jicho lililowekwa kwa ajili ya kukagua majani. Kila alfajiri alionekana mtu mmoja tu pale shinani: Mama Mbuke, mama yake Luhende, mama mkwe wake aliyeishi naye nyumba moja. Alikuwa ameweka kiganja kwenye gome, na midomo yake ilikuwa ikicheza. Picha hazikuwa na sauti.

Kuuliza lilikuwa jambo la sentensi moja. Milembe hakuuliza. Alianza kumchunguza mama yule anapokwenda na anaporudi, akaangalia mikono yake kama ina udongo. Jioni Mama Mbuke alipotenga ugali na sato, Milembe alisema tumbo halikai sawa. Kesho yake likawa halikai sawa tena.

"Tumbo gani hili lisilopona, mwanangu?" Mama Mbuke aliuliza siku ya tatu.

"Ni kazi tu, mayu. Nachoka."

Mama Mbuke alikitazama chakula, akamtazama mkwe wake, akafunika sahani. Alikuwa ameishi miaka mingi ya kutosha kujua maana ya mtu kukataa mkono wako mezani. Na macho yake, yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa utotoni kijijini, yalijua pia kwamba vikongwe wenye macho mekundu huitwa wachawi. Alidhani mambo hayo yalibaki zamani.

Shigela alikuwa ameshayasambaza maneno ya mashine kwenye ubao-sauti wa jengo. Akina mama walianza kuwaita watoto wao ndani Mama Mbuke alipopita uani. Kisha ujumbe wa wakazi ukaja mlangoni kwa heshima zote, ukiomba "bibi apumzike kijijini kwa muda". Milembe aliusikiliza mpaka mwisho bila kusema neno. Hilo ndilo lililomuuma Mama Mbuke kuliko ujumbe wenyewe, maana alikuwa amesimama nyuma ya pazia.

Aliondoka na kapu moja kwenda kwa binti wa dada yake, huko Magu.

"Nitakuja kukuona, mayu," Milembe alisema.

"Haya," alijibu Mama Mbuke, bila kugeuka.

Mti haukupona. Milembe aliutazama wiki nzima akingojea majani mapya, na badala yake tawi kubwa likakauka. Hapo ndipo alipoingiwa na hofu ya aina nyingine. Kama mchawi amekwenda, nani anaendelea kuua? Alichukua jembe, akachimba karibu na shina. Udongo ulitoka mweusi, ukinuka kama tope la ufukweni. Mizizi ilimomonyoka vidoleni mwake.

Alirudi sebuleni na mikono yake michafu. "Mnywesha, huu ni mti gani?"

"Mti wa mwaloni."

"Mwaloni ni nini?"

"Mwaloni ni mahali mitumbwi inapofikia na samaki wanaposhushwa," ilijibu mashine, iliyojifunza Kiswahili kwa kuwasikiliza watu wa Mwanza. "Mti wa mwaloni huota ufukweni, penye tope. Mizizi yake haitakiwi kukauka. Nimeutengenezea ufukwe."

Milembe alikaa chini. Neno moja lilikuwa na maana mbili. Luhende alipolitaja alikuwa akimaanisha mti wa milimani wenye gome gumu. Mji mzima ukilitaja ulimaanisha soko la samaki. Yeye, mzaliwa wa Kirumba, mtaa wenye soko hilo, hakuwahi kuona tofauti hiyo kwa sababu alizijua maana zote mbili.

"Na mkono wa mtu?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Mkono wa nani?"

"Kila nifanyalo huhesabiwa kwa jina la aliyeniamuru," ilisema mashine. "Ni mkono wako."

Alimzima papo hapo. Siku hiyo hiyo aliwatafuta wataalamu wa miti, nao wakamweleza mambo ambayo angeweza kuyauliza mwaka mzima uliopita. Mti unaozama na mti wenye kiu hulegeza majani namna moja, kwa hiyo usiyaamini majani peke yake, chomeka kijiti ardhini. Kikitoka na udongo wenye unyevu, uache mti. Mwaloni mchanga hunyweshwa mara kwa mara, lakini ukishakomaa hunyweshwa kiangazi kikali tu, kwa nadra, maji yashuke chini sana. Tena hayamwagwi shinani, humwagwa pale kivuli cha matawi kinapoishia. Walisema huenda ukapona ukiachwa ukauke.

Milembe aliyaeleza yote kwenye ubao-sauti wa jengo, akakiri kosa lake mbele ya kila mtu. Shigela alijibu kwanza. "Tumekuelewa, mhandisi. Lakini bibi akae huko huko tu. Mashine haiwezi kusema jambo bure."

Milembe akapanda treni ya asubuhi kwenda Magu. Alimkuta Mama Mbuke kibarazani akichambua mchicha peke yake. Wanawake wa nyumba ya jirani walikuwa wakiteka maji, na walipomwona mgeni akielekea pale walinyamaza. Maneno yalikuwa yametangulia kufika.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Mti haujambo?"

Milembe alipiga magoti, akasimulia kila kitu, neno na maana zake mbili, tope, mizizi iliyooza. Aliomba msamaha, akalia bila kujificha. Mama Mbuke aliendelea kuchambua mchicha mpaka mkwe wake alipomaliza.

"Pale shinani nilikuwa namsalimia mwanangu," alisema. "Namwambia tumeamkaje. Basi."

"Rudi nyumbani, mayu. Nakuomba."

"Mashine hiyo uliiuliza kila siku," Mama Mbuke alisema, akiinua ungo wake na kusimama. "Asubuhi na jioni nilikusikia ukiiuliza. Na mimi nilikuwa chumba cha pili."